Mkutubi na Bahasha ya Mama

Mkutubi hakupenda kuazimisha vitabu. Ukifika na kadi yako mkononi atakuuliza unataka kitabu gani, cha nini, na kwa nini usikisomee palepale kwenye benchi. Ukimwambia nyumbani ndiko kwenye utulivu, atakutazama kwa juu ya miwani na kusema, "Nyumbani kuna moto, kuna mbuzi, na kuna mtoto. Hapa nipo mimi." Wengi walikata tamaa wakaondoka. Waliobaki walizoea benchi, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Nilimjua kwa karibu miaka kumi na saba, na muda wote huo nilimwita Mkutubi kama kila mtu pale Nachingwea. Hata mke wake alimwita hivyo mbele za watu. Alikotoka sikuwahi kumuuliza, naye hakuwa mtu wa kujieleza. Nilipomkuta, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa mwanafunzi wa sekondari, tayari alionekana kama alijengwa pamoja na lile jengo.

Lilikuwa jengo refu la mbao na bati, mabaki ya siku za mradi wa karanga, pale Waingereza walipofyeka pori letu kwa matrekta kisha wakaondoka bila kuvuna cha maana. Waliacha barabara, waliacha nyumba, na waliacha vitabu vya klabu yao. Chumba cha mbele kilikuwa na vitabu hivyo pamoja na vile vya shule vilivyoletwa baadaye. Chumba cha nyuma kilikuwa na kufuli. Humo aliweka ramani za mashamba ya karanga, picha za madereva wa matrekta waliosimama vifua wazi, madaftari ya waliokuwa makarani, na barua za watu. Akizungumzia vyumba hivyo viwili alisema, "Mbele ni vya serikali. Nyuma ni vya wenyewe."

Alikuwa mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba sana maboksi. Alitembea na penseli mbili katika mfuko wa shati, moja imechongwa pande zote mbili. Kalamu ya wino hakuitumia kwenye kitu chochote cha chumba cha nyuma. Alisema wino ni kujitia umilele, na yeye alikuwa mtunzaji tu. Sauti yake ilikuwa ya chini hata akiwa sokoni. Alipokuwa ananunua samaki mkavu, muuzaji ilibidi ainame ili asikie bei anayotaja.

Aliyachukia mambo matatu: mkono wenye mafuta, mtu anayekunja ukurasa, na uongo. Uongo kuliko vyote. Mwanafunzi mmoja alichana ramani kutoka kwenye kitabu cha jiografia, akaulizwa, akakana. Mkutubi alimfungia mlango kwa mwaka mzima. Lakini mke wake aliniambia kwamba mwaka huohuo kijana yule alikuwa anakuja nyumbani kwao kila Jumamosi, anakaa barazani, na Mkutubi anamfundisha jiografia mpaka kwenye mtihani. "Kamfungia maktaba," mama yule alisema akicheka, "kamfungulia nyumba."

Na yeye mwenyewe aliwahi kudanganya, tena mbele yangu. Kuna bwana mkubwa mmoja alikuja kukagua majengo, akaona chumba cha nyuma, akaona vumbi na mavi ya popo, akasema makaratasi yale yachomwe ili chumba kiwe stoo ya madawati. Alimpa wiki moja. Mkutubi aliitikia, "Sawa mzee." Wiki ile alihamisha maboksi yote nyumbani kwake kwa baiskeli, safari baada ya safari, na siku ya mwisho akachoma rundo la magazeti ya zamani nyuma ya jengo ili moshi uonekane. Yule bwana aliporudi aliuliza, "Umechoma?" Mkutubi akajibu, "Majivu ni yale pale." Mke wake alilala miezi minane na maboksi ya barua za watu chini ya kitanda, mpaka yule bwana akahamishwa na maboksi yakarudi.

Mimi nilimpenda kwa sababu ya majivu yale. Niliona kwamba mtu huyu akiwekewa kitu mkononi, kitakuwa salama hata kama itambidi avunje sheria yake mwenyewe.

Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipangiwa shule upande wa Ruangwa, wakati Ruangwa ndiyo kwanza inaanza kuwa wilaya yenyewe. Hapo ndipo Mkutubi alinitafuta. Alitaka kwenda vijijini kukusanya vitu vya wazee kabla hawajafa, lakini Kimwera chake kilikuwa kibovu. Alijua kusalimia na kuomba maji, basi. Wazee wetu wengi Kiswahili walikipata ukubwani, na mambo ya moyoni hawayasemi kwa lugha hiyo. Akaniambia, "Mwalimu, nahitaji mdomo."

Basi nikawa mdomo wake. Wakati wa likizo tulizunguka Nkowe, Chinongwe na vijiji vya katikati, yeye na baiskeli yake, mimi na ya kaka yangu. Kwenye vilima tulishuka tukasukuma. Tukifika kwa mzee, Mkutubi alikaa kwenye kigoda akanyamaza kabisa, nami nikaeleza tumekuja kwa ajili gani. Kisha alinipa maneno yake, daima yaleyale, niyageuze: "Kitu chako kitakaa kwenye chumba chenye kufuli. Kitabaki chako. Atakayetaka kukiona atakuja kwa miguu yake, na mimi nitamwona uso."

Niliyasema maneno hayo kwa Kimwera labda mara mia. Wazee waliyapenda. Bibi mmoja wa Chinongwe alitoa picha pekee aliyokuwa nayo ya mumewe, akiwa na spana kubwa ya trekta begani kama bunduki, akasema, "Amwone uso kweli, asije akawa mtu wa kumcheka." Nikamwambia hatachekwa. Mkutubi akamwandikia stakabadhi kwa penseli.

Nyumbani kwetu ni Nkowe. Baba alikuwa amefariki zamani, na mama aliishi na kaka Hamisi, mtoto wake wa kwanza, ambaye ndiye aliyekuwa anahudumia mikorosho ya baba. Sisi wengine tulitawanyika. Hamisi alinipita kwa miaka karibu ishirini, na mimi nilimwona zaidi kama baba kuliko kaka. Aliijua mikorosho ile mti kwa mti. Mkutubi akija kwetu, Hamisi alimtengenezea baiskeli, akamchomea korosho, akamfungia mfuko wa mihogo ya kurudi nayo. Walikaa pamoja jioni nzima, mmoja mkimya na mwingine msemaji, na wote wawili wakaonekana wameridhika.

Mama alikuwa na barua za baba. Zilikuwa sita, zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika watu waliosoma chuo cha Kurani na si shuleni, alizomtumia miaka alipokuwa Tanga kukata mkonge. Mama hakujua kusoma. Alisomewa mara moja tu, na mwalimu wa chuo aliyekufa mimi sijazaliwa. Alizitunza katika kopo la maziwa ya unga ndani ya sanduku lake. Mwaka ule mchwa walikuwa wameingia ndani ya sanduku na kopo limepata kutu chini, na barua moja ilikuwa imeliwa pembe.

Mama aliniita jikoni. "Huyo rafiki yako," alisema, "ana dawa ya mchwa?"

"Hana dawa, mama. Ana makabati ya chuma."

Alifikiri siku mbili. Siku ya tatu alimwita Mkutubi mwenyewe, akampa lile kopo, na akasema kwa Kiswahili, polepole, ili asitegemee mdomo wangu: "Hizi ni zangu mimi na mume wangu. Asisome mtu."

Mkutubi alilipokea kwa mikono miwili. "Mama," alijibu, "mimi nitazisoma mara moja, nijue natunza nini. Kisha nitazifunga, na hata mwanao huyu sitamwambia."

Mama alimtazama muda mrefu, kisha akakubali. Mkutubi aliziweka kwenye bahasha ya kaki, akaandika juu yake kwa penseli: Siri ya familia. Isifunguliwe. Ndivyo nilivyoikuta kila nilipoingia chumba cha nyuma, rafu ya tatu, mkono wa kushoto. Sikuwahi kuifungua. Nilijivunia kutoifungua.

Miaka ikaenda hivyo. Chumba kilijaa. Bati la upande wa mashariki lilianza kuvuja, naye aliandika barua za kuomba bati jipya mpaka nakala zake zikatengeneza faili lake peke yake. Wanafunzi walipungua kwenye benchi. Katika miaka yote ile mimi sikumbuki mgeni hata mmoja aliyekuja kwa miguu yake kuomba kuona vya wenyewe. Mkutubi hakulalamika. Alifuta vumbi, akabadilisha vipande vya mwarobaini alivyovitandika kwenye rafu, akafunga kufuli.

Halafu, katikati ya miaka ya elfu mbili, walikuja watu watatu kutoka chuo kimoja cha mbali, mama mmoja wa Kizungu na vijana wawili wa Dar es Salaam, na gari lenye jenereta nyuma. Walikuwa wamesikia habari za chumba kile. Walieleza kwamba wanapiga picha za nyaraka za zamani na kuziweka kwenye mtandao, ili mtu popote alipo aweze kuziona, na hata jengo likianguka nyaraka zisipotee. Nilikwenda Nachingwea siku moja wakiwa kazini. Nakiri kwamba nilifurahi. Ramani zilizokuwa zinaoza zilitandazwa chini ya taa mbili, kijana akabonyeza, na kwenye kompyuta zikatokea safi, hata majina ya vijito yakasomeka. Mkutubi alisimama kando na penseli zake mfukoni. Kila kitu walichokitaka alikileta yeye mwenyewe. Nilikuwa sijawahi kumwona anatembea haraka namna ile.

Nilimvuta pembeni. "Na bahasha ya mama?"

"Hiyo haihusiki," alisema.

"Na za wale wengine waliosema zisisomwe?"

"Mwalimu, nimekwambia hazihusiki."

Nikarudi Ruangwa na moyo mweupe.

Kilichofuata kilitufikia Nkowe siku ya pili ya Idi, mwaka mmoja na kitu baadaye. Tulikuwa tumekusanyika wote. Baba mdogo wetu ana mtoto anayeitwa Rashidi, ambaye miaka yote alikuwa anainung'unikia mikorosho ile kwamba nusu yake ilipaswa kuwa ya baba yake. Yeye aliishi Dar, na kijana wake alikuwa anafanya kazi kwenye duka la intaneti. Kijana huyo, akicheza tu, aliandika jina la kijiji chetu kwenye kompyuta. Likatokea.

Rashidi alikuja na karatasi nne kwenye mfuko wa nailoni. Tulikuwa tumeshakula. Alisimama uani akasema, "Kuna barua za marehemu baba mkubwa. Zimewekwa duniani kote. Nadhani na sisi wenye ukoo tuzisikie."

Mama alikuwa kwenye mkeka. Aliposikia neno barua aliweka chini kikombe.

"Kaa chini, Rashidi," Hamisi alimwambia. "Kama ni za mama, mpe mama."

"Mama hajui kusoma," Rashidi akasema, na akaanza.

Zile herufi za Kiarabu zilikuwa zimegeuzwa kuwa za kawaida kwa mwandiko wa penseli, nao ulikuwa umepigwa picha pamoja na barua. Niliutambua kutoka nilipokaa. Niliujua ule mwandiko kuliko wangu.

Barua aliyoisoma ilikuwa fupi. Baba alimwandikia mama hivi: "Mtoto uliye naye tumboni, nimehesabu miezi, na wewe unajua kuhesabu. Sitauliza, na wewe usinieleze. Nikirudi nataka nimkute ameitwa kwa jina langu. Mtu akikuuliza, mwambie baba yake yuko Tanga anakata mkonge. Na yeye mwenyewe asijue kamwe, kwa sababu nitampenda, na sitaki aone kuwa nilichagua."

Baba alikwenda Tanga mara moja tu. Mtoto aliyezaliwa akiwa huko alikuwa mmoja. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Hamisi alinyoosha mkono akaichukua ile karatasi, na Rashidi hakuweza kumzuia. Alisoma mwenyewe, midomo ikitembea. Mama hakulia. Aliniangalia mimi. Katika uso wake sikuona hasira, niliona mtu anayejaribu kukumbuka nani alikuwa amemwambia kwamba pale ni salama. Nilikuwa mimi.

Watoto wa baba mdogo walidai mikorosho. Shekhe aliitwa, akasikiliza, akasema mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye ndoa, na mwenye ndoa hakumkana, kwa hiyo hakuna la kuongeza. Rashidi alirudi Dar bila mti hata mmoja. Mbele ya sheria hakuna kilichobadilika. Lakini msimu wa kupuliza dawa ulipofika, Hamisi hakwenda shambani. Mke wake alikuwa ameshafariki, wanawe wana maisha yao. Siku moja asubuhi alimpa mama ufunguo wa stoo, akamwambia anakwenda upande wa Liwale kutafuta shamba.

"Shamba unalo," mama alisema.

"Najua, mama. Nataka la kulipanda mwenyewe."

Alimbusu mkono akaondoka. Alipiga simu mara mbili kwa jirani, kisha akanyamaza.

Mimi nilikwenda Nachingwea kwenye duka la intaneti lililokuwa limefunguliwa karibu na soko, nikaomba nioneshwe namna ya kufika pale. Nikaona. Kwenye ukurasa wa mkusanyiko ule wote, kati ya ramani na picha na madaftari, barua ya baba ndiyo iliyowekwa ya kwanza, kubwa, kabla ya kitu kingine chochote. Chini yake palikuwa na majina matatu ya mama na jina la kijiji chetu. Nikashuka chini. Nikamkuta mume wa yule bibi wa Chinongwe na spana yake ya trekta, na watu wa nchi nisizozijua wameandika maneno chini yake. Mmoja alikuwa anacheka.

Niliandika kuomba barua zetu ziondolewe, na nikayataja majina ya wote niliowakumbuka waliosema vyao visioneshwe. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, la upole, na barua zikaondolewa. Pamoja na jibu walinitumia nakala ya fomu, ili nijue kwamba wao walifuata utaratibu. Fomu iliuliza kama wenye nyaraka wameridhia. Palikuwa na alama ya ndiyo, na sahihi ya Mkutubi. Alikuwa ametia sahihi kwa wino.

Mama alifariki mwaka uliofuata. Katika muda wote uliobaki hakuniambia neno moja la lawama, na nilitamani aniambie. Tulitangaza kifo redioni mara tatu kwa ajili ya Hamisi. Hakuja, au hakusikia. Tulimzika bila mtoto wake wa kwanza.

Mkutubi naye hakuja. Alikuwa amestaafu wakati huo na kuhamia Chinongwe kwa kina mke wake. Nilikaa nusu mwaka nikipanga maneno ya kwenda kumwambia. Niliyasema nikiwa darasani, wanafunzi wakiandika. Niliyasema nikiwa napalilia. Mwishoni nilichukua bodaboda kutoka Ruangwa, siku ya Jumapili, na njiani yote yakanitoka.

Nilimkuta uani amekaa kwenye kiti cha kamba, anachambua ufuta kwa vidole kutafuta mawe. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika macho yote mawili. Mke wake alinipokea, akanikumbatia, akamwambia, "Mwalimu amekuja." Mikono ya Mkutubi ikasimama ndani ya ungo.

"Shikamoo," nilisema, kwa sababu mdomo umezoea.

"Marahaba, Mwalimu. Nilikuwa nakusubiri."

"Ungenifuata."

"Nilishindwa."

Mke wake aliingia jikoni akatuachia uwanja. Nilikaa kwenye kigoda. Nikamweleza yote kwa mpangilio, Idi, karatasi nne, shekhe, Liwale, redio. Alijua habari za msiba tu, hakujua zile zilizotangulia. Nilipofika kwa Hamisi aliushusha ungo chini.

"Uliniambia haihusiki," nikasema.

"Nilikwambia hivyo."

"Ulikuwa umeshaitoa?"

"Asubuhi ile. Kabla hujafika."

"Kwa nini hukuja kutuuliza? Nkowe si mbali. Ungekuja ukamuuliza mama."

"Kwa sababu angekataa," alisema.

Sikuwa nimetegemea jibu la ukweli. Nilikuwa nimejiandaa kwa habari za bati kuvuja na mchwa, na kwa hizo nilikuwa na majibu. Yeye akaendelea kwa sauti yake ya chini, mpaka ikabidi niiname.

"Yule mama wa Kizungu aliniuliza siku ya kwanza, 'Katika vyote hivi, kipi ni bora kuliko vyote?' Mwalimu, nilikaa chumba kile zaidi ya miaka ishirini. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Wewe mwenyewe hukuniuliza. Na mimi nilikuwa najua jibu tangu siku niliyoisoma ile barua. Nilikuwa naijua kwa moyo. Nilikwenda kwenye ramani, nikarudi. Nikaenda kwenye picha, nikarudi. Nikaitoa."

"Ulikuwa unakula kwetu," nilisema. "Ulikuwa unakaa na kaka yangu jioni nzima, na unajua."

"Nilikuwa namtazama na kuona jinsi baba yenu alivyokuwa mtu. Ndivyo nilivyokuwa namwona Hamisi. Sikumwona kwa ubaya hata siku moja."

"Yeye hajioni hivyo."

Aliitikia kwa kichwa. Kuku walikuwa wamekaribia ungo, naye hakuwasikia, nikawafukuza mimi.

Kisha akauliza, "Wewe umeiona hiyo tovuti?"

"Nimeiona."

"Mimi sijawahi kuiona. Waliahidi watarudi na kompyuta wanioneshe, hawakurudi. Baadaye macho yakawa haya." Alinigeuzia uso. "Ikoje?"

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa na haki ya kunyamaza, na bado naamini hivyo. Lakini nilimweleza, kama nilivyoiona kabla barua zetu hazijaondolewa. Nilimwambia barua inaonekana kubwa kuliko yenyewe, kwamba mikunjo yote ipo, na pembe iliyoliwa na mchwa, na kwamba wino wa baba una rangi ya kahawia. Alisikiliza amefumba macho ambayo hata yakiwa wazi hayakuwa na kazi.

"Na chini yake waliandika nini?"

"Jina la mama, lote, na jina la kijiji."

"Na jina la aliyekusanya?"

"Halipo, Mkutubi. Nimetafuta ukurasa kwa ukurasa. Halipo popote."

Alipangusa magoti yake, ingawa hayakuwa na kitu. Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi.

"Nataka kumwomba msamaha Hamisi," alisema. "Nipeleke."

"Hatujui alipo."

"Liwale si kubwa."

"Liwale ni kubwa kwa mtu asiyetaka kuonekana."

Hakuniomba mimi msamaha, na nadhani alijua kwamba angeniomba ningekataa. Tulikaa hivyo mpaka mke wake akatoka na ugali na kisamvu cha karanga, akatandika mkeka, akanikaribisha kwa furaha ya mtu ambaye hajui kitu, au anajua na amechagua kupika. Dereva wa bodaboda alikuwa ameshawasha pikipiki nje, ananiita. Nikamwambia asubiri. Mkutubi aliutafuta mkeka kwa mguu, akakosea, nikamshika mkono nikamkalisha. Kisha nikakaa upande wa pili wa sinia, nikala. Sikumsamehe siku ile, na sijamsamehe. Nilikula kwa sababu mke wake alikuwa amepika kwa ajili yangu, na kisamvu kilichobaki upande wake nilikisogeza kidogo kidogo karibu na vidole vyake.